Kipawa ni Mali ya Nani?

Liko swali ambalo Wakristo wengi huliuliza moyoni, ijapokuwa si wote walisemao kwa kinywa. Mungu akimpa mtu kipawa, kisha mlango wa kukitumia ukafungwa, je, kipawa kile kimepotea bure? Tena yule aliyeufunga mlango, je, hana hatia, maadamu Mungu aweza kufungua mwingine? Hapa Madibira twawaona watoto wenye sauti njema, wenye akili ya hesabu, wenye mikono ya ufundi. Na mlango wao hufungwa kwa ajili ya ada, au kwa kuwa ni wasichana, au kwa kuwa mashamba ya mpunga yawangoja. Basi swali hili si la wenye elimu kubwa tu. Ni letu sisi.

Na tuyatazame maisha ya mwanamke mmoja wa Ethiopia. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923, akaitwa Yewubdar Gebru. Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika nchi. Alipokuwa na umri wa miaka 6 alipelekwa Uswisi kusoma, na huko akajifunza fidla na kinanda cha piano. Vita ya Waitalia ilipoingia Ethiopia, yeye na jamaa zake walichukuliwa mateka mwaka 1937, wakapelekwa katika kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano karibu na mji wa Napoli. Vita ilipokwisha alikwenda Kairo, akafundishwa na Mpolandi mmoja, Alexander Kontorowicz. Yasemwa kwamba alijizoeza muda wa saa 9 kila siku. Mwenye kujua kinanda hicho hatashangaa, maana kina vibao 88, na vidole kumi havitii pasipo kazi ndefu.

Ndipo akapata nafasi ya kwenda London kusoma muziki. Wote waliomjua waliona njia ya sifa imefunguka mbele yake. Lakini ruhusa ya kwenda ilikataliwa katika nchi yake mwenyewe. Akahuzunika hata akaacha kula, akawa karibu na kufa. Akaomba Meza ya Bwana. Na alipopata nguvu tena, moyo wake ulikuwa umegeuka. Aliiacha nyumba ya wakuu, akaenda mlimani Gishen, akawa mtawa, akakaa huko miaka 10, akitembea bila viatu. Akaitwa Emahoy Tsegué-Maryam.

Baadaye alirudi penye kinanda. Alikuwa amewaona vijana maskini waliojifunza nyimbo za kanisa huko Gondar, wakiomba chakula na kulala nje. Hakuwa na fedha ya kuwapa. Alikuwa na vidole vyake. Basi mwaka 1967 nyimbo zake zilitiwa katika sahani za santuri huko Ujerumani, na mapato yakawa kwa ajili ya yatima. Mwaka 1984 alihamia Yerusalemu, akakaa katika nyumba ya watawa wa Ethiopia mpaka alipofariki mwezi wa Machi 2023, mwenye umri wa miaka 99. Na nyimbo zake zimesikiwa katika nchi nyingi ambazo yeye hakuzikanyaga.

Katika habari hii twajifunza kwanza kwamba kipawa si kitu kimoja na cheo. London ingempa cheo. Kipawa alikuwa nacho tayari, na hakuna aliyeweza kukizuia mpakani. Sisi husema, "Fulani amepoteza kipawa chake," kumbe amekosa jukwaa tu. Yule mtumwa wa mfano wa Bwana hakulaumiwa kwa kuwa na talanta moja. Alilaumiwa kwa kuifukia.

Labda mtu atasema, "Sisi Walutheri hatuendi mlimani. Luther alitufundisha kwamba mkulima na mama wa nyumbani nao wana wito wao." Kweli ndivyo. Lakini angalieni: mlima haukumlisha yatima hata mmoja kwa kinanda. Aliposhuka na kuwaona wenye njaa, ndipo kazi yake ikapata njia. Twaweza kuheshimu ukimya wake bila kusema kwamba wote wauige. Na jambo lile la pili, yaani kumtumikia jirani kwa kile ulicho nacho, latupasa sote.

Lakini pana hatari, nami nataka kuisema waziwazi. Mtu aweza kuisoma habari hii na kusema, "Basi, kumzuia hakukuwa vibaya, maana mwisho wake ulikuwa mwema." La, hasha! Ndugu zake Yusufu walimwuza, na Mungu akayageuza mabaya yao kuwa wokovu wa wengi. Hata hivyo yaliitwa mabaya. Neema ya Mungu haifuti hatia ya mwenye kufunga mlango, wala haimpi ruhusa ya kufunga mwingine. Tena kwa mmoja aliyepata njia nyingine, wako wengi waliovunjika moyo, wala majina yao hatuyajui.

Kipawa basi ni mali ya nani? Si mali ya mwenye nacho, hata ajisifu. Wala si mali ya baba, au mwalimu, au mzee wa kanisa, hata amzuie. Ni mali ya Mungu, nacho kimekusudiwa jirani. Kwa hiyo wewe uliyefungiwa mlango, usifukie ulichopewa. Tazama ni nani aliye na haja karibu nawe. Na wewe unayeshika ufunguo, baba wa binti, mwalimu wa shule, mzee wa usharika, fungua. Usimwachie Mungu kazi ya kusahihisha ukaidi wako.