Mpimaji Macho wa Mkwajuni, Panda Ndege

Mwaka 1961, Leonardo Del Vecchio, kijana aliyelelewa kwenye kituo cha yatima mjini Milan, alianzisha karakana Agordo, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Italia. Agordo ulikuwa mji wa machimbo ya shaba, na machimbo yenyewe yalikuwa yanakata roho. Halmashauri ikawa inagawa ardhi kwa yeyote atakayeleta kazi. Del Vecchio akachukua kiwanja, akaanza kutengeneza vipuri vya miwani kwa ajili ya kampuni za watu wengine. Kwa miaka kumi hakuna mvaa miwani aliyelijua jina lake. Mwaka 1971 akabeba fremu zake mwenyewe hadi kwenye maonesho ya MIDO, Milan, yaliyokuwa yameanza mwaka mmoja tu kabla. Kampuni yake, Luxottica, iliungana na Essilor ya Ufaransa mwaka 2018, na leo hakuna kampuni ya miwani iliyo kubwa kuliko hiyo duniani.

Habari hii nakuletea wewe, mtaalamu wa optometria unayehudumia Mkwajuni, Saza, Galula na vijiji vya kando ya Ziwa Rukwa. Wewe pia uko kwenye mji wa machimbo, mbali na bandari na mbali na maduka makubwa. Wewe pia una maonesho ya kwenda.

Unawajua watu wako kuliko mtu yeyote. Unamjua kijana wa kwenye karasha anayekuja jicho jekundu, chembe ya jiwe imemrukia. Unamjua mama anayeponda mawe juani tangu asubuhi, vumbi likimwingia kila anapoinua nyundo. Unamjua mzee anayezungusha karai la maji akitafuta punje za dhahabu ambazo miaka kumi iliyopita aliziona bila shida, na sasa anamwita mjukuu amwangalizie. Fundi cherehani naye ameacha kupokea nguo nyeusi kwa sababu uzi hauoni. Wengi wao huishia mnadani, wanajaribu miwani moja baada ya nyingine juu ya meza ya mchuuzi, wanachukua ile isiyowaumiza sana.

Hawa wanapoteza riziki, na jambo hilo limepimwa. Huko Assam, India, wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukaonesha kwamba uzalishaji wao ulipanda kwa asilimia 21.7 zaidi ya wenzao wasiopewa. Bangladesh, utafiti wa mwaka 2024 ulionesha kipato cha waliopewa miwani ya aina hiyo kikiongezeka kwa asilimia 33.4. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilihesabu watu milioni 826 wenye tatizo la kuona karibu ambao hawajapata msaada. Wengine wao wako kwenye foleni ya chumba chako.

Sasa jiulize ni nani anayewachagulia miwani. Fremu unazouza zimepita Kariakoo, na aliyezinunua huko zilikotoka alitazama bei na rangi. Hajui kwamba daraja la fremu hizo ni jembamba kwa pua za wateja wako, miwani inakaa juu juu na kuteleza mtu akitoka jasho. Hajui kwamba bawaba dhaifu haimalizi msimu mmoja machimboni. Miwani ya kinga anayoleta haina namba, kwa hiyo mchimbaji mwenye macho mabovu analazimika kuchagua: alinde jicho au aone. Mtu huyo hana kosa, hajawahi kukaa na mgonjwa wako. Wewe umekaa naye. Ndiyo maana anayestahili kusimama mbele ya mtengenezaji ni wewe.

Maonesho yapo kila mwaka. MIDO hufanyika Milan mwanzoni mwa mwaka, SILMO hufanyika Paris kwa kawaida mwezi wa Septemba, na Hong Kong huwa na yake Novemba. Kama ni safari yako ya kwanza, ushauri wangu ni Hong Kong. Milan ni pazuri, lakini sehemu kubwa ya pale ni mitindo na majina makubwa. Hong Kong inapakana na Shenzhen, ambako eneo la Henggang limejaa viwanda vya fremu, na wauza lenzi kutoka Danyang, mji wa lenzi wa China, utawakuta. Hapo ndipo utapata mtu wa kumwambia, "Nitanulie daraja hili kwa milimita mbili," naye akatoa kalamu akaandika.

Usiende mikono mitupu. Beba daftari lako la wagonjwa: namba zinazotoka zaidi, upana wa nyuso, umbali kati ya mboni. Hakuna mnunuzi mwingine ukumbini mwenye daftari la Mkwajuni. Beba na lensometa ndogo, uzipime lenzi papo hapo kabla ya kuamini kibandiko. Ulizia lenzi za polikaboneti, zinazohimili kishindo cha jiwe, na kwa miwani ya kinga dai cheti cha kiwango cha EN ISO 16321, kilichochukua nafasi ya EN 166, au ANSI Z87.1. Omba sampuli kwanza, usilipe yote kwa ahadi. Na kabla hujaondoka nchini, ulizia TMDA na TBS masharti ya kuingiza bidhaa hizo, mzigo usije ukalala bandarini.

Utasema oda ya kiwanda ni kubwa kuliko duka lako. Ni kweli, na kwa sababu hiyo usiende peke yako. Waite wenzako wa Vwawa, Tunduma, Mbeya na Sumbawanga, mchange nauli ya wawili, mgawane oda moja. Utasema Kiingereza kinakupiga chenga. Wafanyabiashara wa nguo na simu wa Tunduma wanakwenda Dubai na Guangzhou wakiwa na kikokotoo mkononi, na wanarudi na mzigo. Wewe una taaluma, na namba za lenzi zinasomeka sawa China na Songwe. Utasema hujui maonesho yanavyokwenda. Umeshatembea kwenye mabanda ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Umeona mkulima akishika mbegu, akiuliza, akilinganisha, akiondoka na namba ya simu. Kazi ni hiyohiyo.

Fedha ni mzigo mzito, sikufichi. Lakini mwaka ni mrefu kwa anayeweka kidogo kila wiki, na VICOBA vimeshajenga nyumba za watu hapa hapa Mkwajuni. Maonesho mengi ya biashara huwasajili wanunuzi wa fani mapema na kuwapa barua ya mwaliko kwa ajili ya viza. Pasipoti ni shilingi 150,000. Jaza fomu ya Uhamiaji wiki hii, kisha mpigie mwenzako wa Vwawa umwambie Novemba mna safari.