Ramadhani, Siku ya 23: Embe Halali, Jibu Haramu



Tuko kumi la mwisho. Huku tunautafuta usiku wa Laylatul-Qadr, na huku wengine wetu tumeshaanza kupanga safari ya Idi. Kwetu Tanga safari hiyo mara nyingi ni ya Mombasa: baba, mama na watoto gari moja, Horohoro, Lunga Lunga, Ukunda, mpaka kivuko cha Likoni. Wenzetu wa Arusha watapita Namanga, wa Moshi watapita Holili. Na sisi, jamani, hatuendi kwa watu mikono mitupu. Buti limejaa: kiroba cha mchele, maembe ya shambani, kuku wawili kwenye tenga. Vyote vya bibi anayesubiri wajukuu.

Mpakani afisa anauliza: "Mmebeba chakula chochote?" Baba anajibu: "Hapana, ni nguo za watoto tu." Gari linapita.

Leo tuulizane: hapo kuna kosa?

Wengi watasema hakuna. Na hoja zao tuzisikilize vizuri, si za kipuuzi. Watasema embe ni halali, limenunuliwa kwa pesa ya halali, linakwenda kwa mzazi. Hiyo si kuunga udugu? Tena watasema mpaka wenyewe tulichorewa. Ni kweli: Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari huo mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba, na Wadigo wakajikuta wako pande zote mbili. Shangazi yuko huku, mpwa yuko kule. Sasa embe la shangazi limekuwa kosa lini?

Jibu langu ni hili: hujaulizwa kama embe ni halali. Umeulizwa umebeba nini. Hayo ni mambo mawili. Uhalali wa embe hauwezi kulihalalisha jibu la uongo, kama vile udhu wa maji safi hausafishi nguo yenye najisi.

Na mwezi huu ndio unaotufundisha jambo hilo kuliko mwezi mwingine wowote. Maji ya mtungini ni halali. Lakini saa nane mchana, na koo limekauka, na uko peke yako chumbani, huyagusi. Maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni wakati, na amri ya Mola wako. Kumbe kitu cha halali kina wakati wake na mahali pake. Sasa mtu anayeweza kuacha maji ambayo hakuna binadamu atakayejua kama ameyanywa, anashindwaje kusema ukweli kuhusu mfuko wa maembe? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo, Mwenyezi Mungu hana haja na njaa yake.

Utasema, "Sheikh, mimi ni msafiri, nina ruhusa." Ndiyo, unayo. Msafiri ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye, na amepunguziwa rakaa. Lakini ruhusa hiyo ni ya tumbo na ya swala. Ulimi haukupewa ruhusa ya safari.

Tuje kwenye madhara, maana sheria hii haikuwekwa kwa ajili ya kumnyima bibi zawadi. Yuko nzi wa matunda aliyetoka Asia, wataalamu wanamwita Bactrocera dorsalis. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na Tanzania mwaka huo huo. Hutaga mayai chini ya ganda la embe, na kwa nje unaweza kuliona embe zima kabisa, la kupendeza. Anasafiri mbali namna hiyo, ndani ya tunda, ndani ya mfuko wa mtu mwenye nia njema. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo likaja kufunguka tena mwaka 2021. Hebu fikiria miaka hiyo kwa mkulima mwenye miembe yake na ada za watoto. Kuku nao ni vivyo hivyo: mdondo unaweza kuwemo ndani ya kuku kabla hata hajaanza kusinzia.

Utasema nzi huyo tayari yuko pande zote mbili. Sawa. Lakini huyo ni mmoja tunayemjua. Unayembeba leo humjui.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) aliwakataza wenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa ngamia wazima. Sayyidna Umar (r.a.) akiwa njiani kuelekea Sham alipata habari ya tauni ya Amwas, na alipofika Sargh akarudi na watu wake. Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kuzuia dhara mpakani ni katika dini.

Sasa niseme na wazazi. Kiti cha nyuma kuna mtoto wa miaka minane. Asubuhi aliwasaidia kuyapanga maembe yale kwenye buti. Amesikia swali, amesikia na jibu. Mnadhani amejifunza nini? Mimi ni mwalimu wa darasani pia, na nawaambia: somo la dakika ile hulifuti kwa juzuu nzima ya kuhifadhisha. Mtume (s.a.w.) alimsikia mama akimwita mwanawe aje ampe kitu. Akamuuliza atampa nini. Akasema tende. Akamwambia kama asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Tende tu, ndugu zangu!

Najua liko na swali la afisa anayetaka "chai". Yupo, na dhambi yake ni yake. Lakini ukimpa ili akupitishie kisichoruhusiwa, dhambi hiyo mmeshirikiana. Ukiwa umesema kweli na vitu vyako viko sawa, una miguu ya kusimamia: omba risiti, omba mkubwa wake.

Basi tufanyeje? Uliza kabla ya safari. Tanzania kuna TPHPA na Kenya kuna KEPHIS, wanaoshughulika na afya ya mimea. Kuku na nyama waulize watu wa mifugo. Kinachohitaji cheti kikatie. Kisichopita, kigawe kwa majirani kabla hujaondoka, kiwe futari ya mtu. Maembe ya bibi yanunue Ukunda, muuzaji wa kule naye apate Idi yake. Na ukiulizwa, jibu. Ukiambiwa acha, acha, na uniamini: bibi alikuwa anawasubiri ninyi.

Kazi ya leo: kabla ya kufuturu, waambie watoto wako kwa nini mtasema kweli mpakani.

Allah azijaalie safari zetu salama, riziki zetu safi na ndimi zetu kweli. Aamiin.