Usiku Mrefu Hauna Mwenyewe

Kila mwaka, tarehe 21 au 22 Desemba, nusu ya kaskazini ya dunia hupitia usiku mrefu kuliko mwingine wowote. Huko Iran, Afghanistan na Tajikistan ni usiku wa Yalda: ukoo hukusanyika kwa mkubwa wao, wakala makomamanga na matikiti maji, wakafungua diwani ya mshairi Hafez na kukesha. Wakati huohuo Wachina huadhimisha sikukuu ya Dongzhi, na Wajapani huoga maji ya moto yaliyotiwa matunda ya yuzu. Huko Newgrange, Ireland, watu wa kale walijenga kaburi la mawe miaka ipatayo 5,000 iliyopita, wakaacha tundu juu ya mlango. Asubuhi chache za majira hayo jua hupenya hadi chumba cha ndani, likakaa kama dakika 17, kisha giza likarudi.

Nani alimfundisha nani? Wengi hulijibu swali hili kwa kutafuta mwizi. Krismasi ikikaribia ubishi huzuka: je, Wakristo waliichukua 25 Desemba kwa Warumi walioliabudu Jua Lisiloshindwa? Wanahistoria wenyewe hawajaafikiana. Lakini hata wakiafikiana, swali lenyewe limejengwa juu ya dhana kwamba desturi ni mali, na kwamba ikionekana kwa wawili basi mmoja wao kaiiba.

Wengine husema mwalimu ni jua. Dunia imeinama nyuzi 23.4 hivi, usiku unarefuka, watu wanasherehekea, basi. Mbona sherehe hazilifuati jua? Zamani huko Skandinavia usiku wa Mtakatifu Lusia, 13 Desemba, ulihesabiwa kuwa ndio mrefu kuliko wote. Sweden ilipohamia kalenda mpya mwaka 1753, tarehe na jua viliachana. Watu wakabaki na tarehe. Hata Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi inayoangukia Machi, leo huadhimishwa Julai, kwa sababu mwaka wake wa siku 365 haukuongezewa siku ya mwaka mrefu. Mbingu hutoa sababu. Kuitunza siku ni kazi ya watu.

Nami naona kinachotunzwa ni imani ya aina moja. Usiku mrefu ukipita, baridi haipungui. Katika nchi nyingi za kaskazini Januari ni kali kuliko Desemba. Mchana nao huongezeka kwa sekunde chache tu mwanzoni, kiasi ambacho jicho halioni. Anayesherehekea usiku ule anasherehekea kitu kisichoonekana bado. Amepewa habari zake na hesabu ya waliomtangulia. Ndiyo maana naiheshimu sana desturi ya Yalda ya kwenda kwa mzee. Mtoto ana hofu na chakula cha akiba kinachopungua. Mzee ameshaona baridi nyingi zikija na zikaisha. Kuketi karibu naye ni kuketi karibu na ushahidi. Haja hiyo haihitaji kuazimwa. Popote penye giza refu na njaa inayonyemelea, watu wataifikia wenyewe.

Sisi wa karibu na Ikweta hatuna haja hiyo, wala si aibu: Dar es Salaam siku hiyo ina mchana mrefu kuliko yote ya mwaka, saa 12 na nusu hivi, na hakuna anayetambua.

Anayeshikilia kwamba lazima mmoja alimwiga mwenzake, namwomba aitazame Cusco, nchini Peru. Kule baridi huja Juni. Wainka waliadhimisha Inti Raymi, sikukuu ya jua, katika siku zao fupi kuliko zote, kabla meli yoyote ya Ulaya haijafika. Wahispania wakaipiga marufuku, na mwaka 1944 watu wa Cusco wakairudisha. Huadhimishwa tarehe 24 Juni hadi leo.