Shimo Lenye Mlango wa Siri



Ndugu zangu katika imani, neno "mnafiki" tunatupiana kila siku, na wengi wetu hatujui lilikotoka. Katika majangwa ya Arabuni kuna panya mdogo, miguu yake ya nyuma mirefu, hutoka usiku akirukaruka. Waarabu humwita yarbuu. Maji ya kunywa haonani nayo sana. Mola humtosheleza kwa unyevu wa anachokula. Mchana yumo shimoni, na shimo hilo lina mlango wa siri uitwao nafikaa. Hauchimbi hadi nje. Huacha utando mwembamba wa udongo, nawe ukipita juu yake waona ardhi tupu. Adui akimwingilia kwa mlango wa mbele, huupiga utando ule kwa kichwa akatokomea. Wanalugha wengi wa Kiarabu wamesema humo ndimo lilimotoka neno unafiki: mtu kuingia katika dini kwa mlango huu na kutokea kwa ule.

Yarbuu hana lawama, anaokoa roho yake. Lawama ni yetu tunaochimba mlango kama huo: Ijumaa safu ya kwanza, Jumamosi dukani tunapunja mizani. Mtume (s.a.w.) ametutajia alama za mnafiki: uongo katika maneno, kuvunja ahadi, khiyana katika amana.

Sasa mtazame bata. Juzi baada ya mvua nilimwona mmoja akitoka dimbwini. Alijikung'uta mara moja, matone yakamporomoka kama shanga, mgongo mkavu. Kisha akapinda shingo hadi juu ya mkia, penye tezi ya mafuta, akachovya mdomo, akajipaka nyoya kwa nyoya: kifua, ubavu, bawa. Hakuwa na haraka. Kazi hiyo hairudii kwa msimu, ni ya kila siku, kwani manyoya yasipotunzwa maji hupenya, na bata akapigwa baridi katika maji yale yale anamoishi.

Hakukatazwa maji. Nasi hatukuamrishwa kuikimbia dunia. Soko ni letu, harusi ni zetu. Tumepewa swala tano, istighfari na dhikri, ili dunia isitupenye. Wewe unayejipaka mafuta Ramadhani peke yake, Shawwal mpaka Shaaban unaogelea na nini?

Ndugu yangu, usiku wa leo kabla hujalala, keti peke yako uutafute ule utando wa udongo moyoni mwako. Unajua ulipo, maana uliuacha wewe. Uzibe kwa toba kabla ya adhana ya Alfajiri.