Bei Isiyosemeka

Kutoka kwetu Kiplombe hadi mjini Eldoret, boda mchana ni shilingi 100. Usiku mmoja wa mvua, jirani yangu alitoka mbio na mtoto aliyekuwa akihema kwa shida. Kijana wa steji alimwangalia mtoto, akaangalia mvua, akasema, "Mia nne, mathee." Akalipa. Saa hiyo nani angebishana?

Kesho yake ploti nzima ilimlaani yule kijana. Mimi nilinyamaza. Wiki hiyo hiyo kuna mtu alikuwa amekuja nimwandikie CV. Huwa nafanya kwa 200. Aliponiambia mwisho wa kutuma ni saa sita usiku huo, nikasema 500. Kazi ilikuwa ileile, dakika zilezile. Zile 300 za juu niliuza hofu yake.

Karne ya 13, Thomas Aquinas alilifikiria jambo hili. Kwake, muuzaji anayepata hasara kwa kuachana na mali yake anaweza kuongeza bei ili kuifidia. Lakini kama yeye hapungukiwi na chochote, na ni mnunuzi tu aliye na shida, hana haki ya kuongeza. Shida hiyo si yake, na mtu hauzi kisicho chake.

Kwa kipimo hicho, kijana wa boda ana utetezi kuniliko. Matope ni ya kweli, pikipiki huteleza, usiku una hatari zake. Tukimlazimisha abebe kwa 100 tu, atabaki kitandani, na mtoto atabaki nyumbani. Sehemu ya zile 400 ilikuwa haki yake. Ila alimwangalia mtoto kwanza, ndipo akataja bei.

Sasa mpaka uko wapi? Siku hizi najiuliza: naweza kumwambia mteja sababu ya bei yangu tukiangaliana? Septemba 2023, petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita, watu wa boda waliongeza nauli na kutaja sababu bila aibu. "Nimeongeza juu ya mafuta" inasemeka. "Nimeongeza juu ya matope" pia. "Nimeongeza juu mtoto wako ni mgonjwa" haisemeki. Hata Machi 2024, petroli iliposhuka tena chini ya 200 Nairobi, anayeendelea kutoza nauli ya Septemba angepaswa kutafuta sababu nyingine ya kusema.

Kuna watakaosema anayelipa amekubali, basi yameisha. Kweli, jirani yangu alikubali. Lakini kukubali ni kitu pale tu unapoweza pia kukataa, ukaenda zako.

Yule wa CV nilimrudishia 300 kwa M-Pesa. Akapiga simu kuuliza ni za nini.

Nilimwambia nilikosea hesabu.