Kidonge na Tawakkul



Mmoja katika wenzetu wa darasa alinijia baada ya sala ya alasiri, akaketi kando mpaka watu walipotawanyika. Kisha akasema: "Maalim, nina saratani ya damu. Daktari ameniamuru nimeze kidonge kila siku, wala hakunitajia mwisho wake. Nikikishika kidonge hiki, tawakkul yangu kwa Mwenyezi Mungu itabaki wapi?" Nikamwuliza kama amekwisha kumwambia mkewe. Akainamisha kichwa. Alikuwa amekiacha kidonge mwezi mzima, na hirizi imefungwa mkononi mwake.

Khabari ya maradhi haya ni hii. Iko aina moja ya saratani ya damu, matabibu huiita lukemia sugu ya mailoidi, ambayo uboho wa mifupa hutoa chembe nyeupe kupita kiasi. Mtu huchoka, hukonda, hutoka jasho usiku, na wengu humvimba ubavu wa kushoto. Wajinga husema ni jini, au ni kijicho cha jirani. Zamani wengi wenye maradhi haya hawakuishi ila miaka michache. Mwaka 2001 ikaruhusiwa Marekani dawa ya vidonge iitwayo imatinibu, na leo wako wengi waimezao kila siku, nao wafanya kazi na kulea watoto wao. Lakini mwenye kuiacha bila ya amri ya daktari huyafungulia maradhi mlango.

Basi tawakkul ni nini? Mtu alimwuliza Mtume wetu (S.A.W.) juu ya ngamia wake: amwache na kumtegemea Mungu, au amfunge? Akamwamuru amfunge, kisha ategemee. Kidonge ndiyo kamba ya ngamia. Aliyeijaalia dawa ni Yeye Yule aliyekadiria ugonjwa. Kuitumia ni kumtii, na kuitupa kwa ajili ya hirizi ni kuuacha mlango wa Mola na kubisha kwa asiyemiliki kitu.

Wala mgonjwa asidhani kuwa kulia ni kukosa subira. Nabii Ayub (A.S.) alimshitakia Mola wake dhara iliyompata, naye ni kigezo cha wenye kusubiri. Na akiambiwa na daktari kuwa saumu itamdhuru, na ale. Ruhusa hiyo imo katika Sura ya Baqara, aya ya 184.

Nasi tulio wazima, tuna deni. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Tusimwendee kwa minong'ono na kumhesabia siku. Tumwulize kama ana nauli ya kwendea hospitali, na kama nyumbani mna chakula.

Ndugu yetu yule alimwambia mkewe usiku ule ule, na asubuhi wakaenda pamoja kwa daktari. Siku yake hatuijui, wala yetu hatuijui. Tulijualo ni kuwa ngamia amekwisha kufungwa.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na utupe sisi moyo wa kuwatumikia. Amin.