Intaneti kwa Sharti la Kupima Damu

Kisiwa cha Mfangano kiko upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Kina kituo cha jamii kiitwacho Ekialo Kiona, maneno ya Kisuba yenye maana ya "dunia nzima". Wenyeji na wageni waliojitolea waliweka hapo kompyuta na intaneti, wakati ambapo kwa mkazi wa kawaida wa visiwa vile intaneti ilikuwa habari ya mjini. Kuzitumia kompyuta hizo hakukuwa na malipo ya fedha. Mwanachama alitakiwa jambo moja: apime virusi vya UKIMWI kila baada ya miezi sita. Majibu hayakumfungia mtu mlango. Mwenye virusi na asiye navyo walikalia kiti kilekile, mradi wamepima.

Nimelifikiria sharti hilo kwa wiki kadhaa sasa, na si kwa ajili ya mtihani. Sisi wanafunzi saba hapa Kampala tunajiandaa kwenda kwenye kisiwa kimoja kidogo cha Wilaya ya Kalangala, ile yenye visiwa 84, kusaidia kufunga antena, paneli za sola na betri katika jengo lililo karibu na mwalo. Mwenzetu mmoja, anayesomea uuguzi, amependekeza tuuchukue utaratibu wa Mfangano kama ulivyo: asiyepima hapewi nywila. Inabidi tuamue kabla ya kupanda boti Kasenyi. Wanne wameunga mkono, wawili wamekataa, nami sijapiga kura.

Nianze na hoja yake, maana si nyepesi. Maambukizi katika jamii za wavuvi wa ziwa hili yako juu kuliko wastani wa nchi zetu. Wanaume huhama mwalo hadi mwalo wakifuata sangara na mukene. Wanawake wachuuzi wakati mwingine hupata samaki kwa kumpa mvuvi miili yao; kule Kenya jambo hilo lina hata jina, jaboya. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure, lakini hazimfikii asiyejua hali yake, na wengi hawataki kujua. Tena wapo wanaotaka kujua ila wanaogopa kuonekana. Kisiwani hakuna kificho. Ukiingia chumba cha kupimia asubuhi, jioni mwalo mzima umeshakupangia ugonjwa. Hapo ndipo sharti la Mfangano linapofanya kazi ya pazia: kila anayeingia anaweza kusema amefuata intaneti, na hakuna wa kumnyooshea kidole kwa sababu wote wamepita mlango huohuo. Sharti linalowabana wote linamfichia aibu mmoja. Wale wanaolipinga kwa haraka, kwa kutaja tu haki za binadamu, sidhani wamewahi kuishi mahali ambapo watu wote wanajuana.

Lakini swali langu liko pengine. Je, ridhaa inayotolewa kwa kubadilishana na kitu ambacho mtu hana njia nyingine ya kukipata ni ridhaa kweli? Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo, hata lengo likiwa zuri. Mtetezi wa sharti atajibu kwamba hapa lengo ni afya ya mpimwaji mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyefanywa chombo. Jibu hilo lingenitosha kama nisingesoma habari za visiwa hivihivi tunakokwenda.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alifika visiwa vya Ssese. Ugonjwa wa malale ulikuwa unateketeza watu pwani nzima ya Buganda. Wagonjwa walimjia kwa wingi, naye akawatibu kwa dawa iitwayo Atoxyl, yenye arseniki ndani yake. Walipopata nafuu kidogo kisha ugonjwa ukarudi, aliongeza kipimo, na baadhi yao wakapofuka macho. Kisha, mnamo mwaka 1909, serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa hivyo kwa amri, ili kuwaepusha na mbung'o. Siandiki haya ili kusema Koch alikuwa mtu mbaya, wala sidai kwamba mvuvi wa leo, ambaye huenda amehamia Kalangala miaka mitano iliyopita, anamkumbuka. Ninachokiona ni kwamba wale wagonjwa walikuja wenyewe kwa miguu na mitumbwi yao. Kwa macho ya nje walikuwa wameridhia. Ila hawakuwa na pengine pa kwenda, na hakuna aliyewauliza kipimo kiwe kiasi gani.

Turudi kwenye intaneti. Iliposhikamanishwa na upimaji kule Mfangano ilikuwa kitu cha ziada. Asiyeitaka aliendelea na maisha yake. Sasa hali ni nyingine. Bei ya samaki mjini, maombi ya kujiunga na chuo na fomu nyingi za serikali zinapita humo. Kadiri kitu kinavyokuwa cha lazima ndivyo sharti lilelile linavyozidi uzito, hata bila kubadilika neno. Zawadi unaweza kuikataa ukalala usingizi. Ukishindwa kuikataa, basi unalipa ushuru, na anayeutoza hajachaguliwa na mtu yeyote.

Na ushuru tunaujua. Julai 2018 serikali yetu ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku ili tuingie WhatsApp na Facebook, na Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Tulilalamika kwa sababu mtu mwingine alishika swichi. Sioni kwa nini swichi hiyo iwe halali ikishikwa na wanafunzi saba wenye nia njema.

Mwenzangu wa uuguzi aliniuliza kama basi hakuna sharti lolote ninaloweza kulikubali. Lipo. Wenyeji wakikutana chini ya mwembe wao, wakabishana, wakaamua kwamba nywila itatolewa kwa aliyepima, na wakawa na uwezo wa kulifuta sharti hilo mwezi ujao bila kutupigia simu, mimi sina neno. Nyerere, aliyesoma Makerere kabla yetu, aliandika katika "Uhuru na Maendeleo" mwaka 1968 kwamba watu hawaendelezwi, wanajiendeleza. Mara nyingi tunalisoma jambo hilo kana kwamba linawahusu wakulima na vijiji. Linamhusu zaidi mgeni mwenye mzigo wa nyaya begani.

Kuna pia sharti letu wenyewe, ambalo hatulitaji. Tunakwenda wakati wa likizo na tutarudi muhula ukianza. Kampuni ya Loon, ya jamaa moja na Google, ilianza kutoa intaneti Kenya kwa maputo ya angani Julai 2020. Januari iliyofuata ilitangaza kufunga shughuli, kwa kuwa gharama hazikushuka vya kutosha kuendesha biashara. Hakuna mwanakijiji aliyekosea lolote. Maputo yalikuwa na sharti lililofichwa, na sisi tunalo lilelile: tupo hadi tutakapokuwa na kazi nyingine. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, lakini mgeni wa aina yetu huondoka na bisibisi yake, na betri ikifa mwezi wa nne mwenyeji anabaki akiitazama paneli juu ya bati.

Kwa hiyo nimepiga kura ya hapana, na nimetoa mapendekezo mawili. La kwanza, vijana wawili wa kisiwani wapande mlingoti kabla yetu, wafunge antena kwa mikono yao huku sisi tukishika ngazi, na fedha za bando zitoke katika malipo ya kuchajia simu kwenye sola hiyohiyo, zikihesabiwa na kamati ya mwalo. La pili, meza ya upimaji iwekwe ndani ya jengo hilohilo, mlango huohuo, siku zilezile, ili pazia libaki. Lakini nywila iandikwe ukutani kwa chaki, kila mtu aione.

Mwenzangu hajakubali. Anasema nywila ikiwa ukutani meza yake itakaa tupu. Huenda ikakaa tupu siku tatu za kwanza, nami nimemwahidi kwamba siku hizo nitaketi naye hapo.